Uliza Mwalimu: "Mwanangu anasoma vitabu vya uchawi"

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, zile riwaya za fantasi ambapo mtoto wa kawaida tu, hana pesa hana cheo, anaamka siku moja anagundua ana nguvu ambazo hakujua anazo. Mama anaogopa, mtoto anataka zaidi, kijana anataka kuandika yake. Nimechagua nne. Nilizisoma usiku mpaka saa sita, na kumbe zote zinajikwaa kwa neno moja, uchawi, kwa hivyo msishangae nikilirudia rudia.

Barua ya kwanza

*Mwalimu, habari yako. Msichana wangu yuko gredi ya saba. Juzi natandika kitanda chake nikapata kitabu chini ya godoro, amekifunika na ile karatasi ya kaki ya kufunika madaftari na juu ameandika SAYANSI na kalamu nyekundu. Kufungua ndani nikapata hadithi ya watoto wachawi, wana fimbo, wanaruka hewani. Nilimwuliza akasema ati ni stori tu. Dadangu ni mtu wa maombi, aliniambia nikichome. Sijakichoma, nimekifungia kabatini, lakini tangu siku hiyo mtoto haniongeleshi vizuri. Hivi vitabu vinaweza kumwingiza mtoto kwa mambo ya giza? Mama wa Umoja.*

Mama, kwanza asante kwa kutokichoma. Na sitakuambia ati unaogopa bure, manake kwetu uchawi si neno la kuchezea. Mchawi kwa Kiswahili ni mtu wa kudhuru, anayewanga usiku, anayemfunga mwenzake riziki, na tunajua vizuri kule Kisii na kule Kilifi wazee wetu wameuawa kwa sababu tu mtu aliwanyooshea kidole akasema huyu ni mchawi. Hata sheria yetu ya uchawi, ambayo iko tangu 1925, inaongea juu ya watu wanaojidai wana nguvu za kutisha na kuumiza wengine. Kwa hivyo ukisikia "kitabu cha uchawi" na mwili unakusisimka uko sawa kabisa.

Lakini sasa angalia vile hilo neno liliingia hapo. Kitabu kimeandikwa Kizungu na ndani wanasema "magic", na sisi tukitaka kuitafsiri haraka haraka tunasema uchawi juu ndilo neno lililo karibu na mdomo. Hayo maneno hayalingani. Lile la Kizungu ni pana, limebeba maajabu, limebeba mazuri na mabaya, limebeba hata kiinimacho cha yule mtu wa kutoa sungura kwa kofia. Letu limebeba ubaya peke yake. Na unajua lao lilitoka wapi? Lilianza kwa Waajemi wa zamani, kwa makuhani wao, Wagiriki wakalichukua, likazunguka Ulaya mpaka likawa hivyo unavyolisikia, na tawi lingine likapitia kwa Waarabu likatufikia sisi likawa mamajusi. Mamajusi hao hao unaowasikia kanisani kila Krismasi, waliofuata nyota wakaleta dhahabu na uvumba na manemane. Hayo maneno mawili ni ya tumbo moja. Mwambie dadako hivyo kwa upole, si kwa kumshinda.

Sitaki nikuache na maneno tu, hebu tuingie ndani tuone hao watoto wanafanya nini. Kuna kitabu cha Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, kilitoka 1968, kinaitwa *A Wizard of Earthsea*. Mtoto ni mchunga mbuzi, mama yake alikufa yeye akiwa mdogo kabisa, baba ni mfua vyuma asiye na muda naye. Siku moja mbuzi amepanda juu ya paa la nyasi na mtoto anamsikia shangazi yake akimwita kwa maneno fulani, mbuzi anashuka mbio. Kesho yake akiwa malishoni anayajaribu yale maneno, kwa sauti, bila kujua maana yake hata moja. Mbuzi wote wanakuja. Wanamzunguka kimya wakimwangalia, wanambana kwa pembe na mbavu, anataka kukimbia wanakimbia naye, wanashuka wote mpaka kijijini mtoto akilia katikati yao na hajui vile atawaachisha. Mimi nikisoma hapo kila mara nahisi ile harufu ya mbuzi. Mtoto amelifungua neno asilolijua na sasa hajui kulifunga! Baadaye anaenda shule ya hayo mambo, kiburi kinamshika, anataka kuonyesha wenzake kwamba yeye ndiye mkali, anaita kitu ambacho hakufaa kukiita, mzee mkuu wa shule anakufa kwa kumwokoa, na kitabu chote kinachobaki ni huyo kijana akijifunza kukabiliana na kile alichokileta yeye mwenyewe duniani.

Ama uende nyuma zaidi, 1902, Mwingereza anaitwa E. Nesbit aliandika *Five Children and It*. Watoto watano wanachimba kwenye shimo la changarawe wanapata kiumbe cha mchangani kinachotimiza ombi moja kila siku, na jua likizama mambo yote yanaisha. Wanaomba wawe warembo kupita kiasi, basi mdogo wao mchanga hawatambui anaangua kilio, na mfanyakazi wa nyumba anawafungia mlango wanashinda njaa kutwa. Wanaomba pesa, shimo linajaa dhahabu, lakini sarafu zenyewe ni za zamani na hakuna duka linazitaka. Mtoto akimaliza kusoma hiyo, mama, ataenda kutafuta tunguri na hirizi kweli? Mimi nafikiri ataenda kufikiria vile yeye mwenyewe huomba vitu.

Hicho chenu, kwa vile unasema fimbo na kuruka, inaweza kuwa ni kimoja cha Harry Potter. Viko saba, cha kwanza kilitoka 1997 na cha mwisho 2007. Cha kwanza mtoto wa gredi ya saba anakimudu bila shida. Kuanzia cha nne mambo yanakuwa mazito, kuna vifo vya vijana na mateso, kwa hivyo angalia ameshika namba ngapi. Hiyo ndiyo hofu ya maana, umri na uzito wa hadithi, na hiyo uko na haki nayo kabisa kama mzazi. Si kila fantasi ni ya mtoto.

Lakini kitu kilichoniuma kwa barua yako ni ile karatasi ya kaki. Huyo mtoto alikaa chini, akakata, akakunja pembe, akabandika, akachukua kalamu nyekundu akaandika SAYANSI, yote hiyo kazi ili asome hadithi. Nikiwa shule ya bweni mwalimu mmoja alininyang'anya kitabu cha namna hii, akakaa nacho muhula mzima, kiliporudi kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilimaliza sekondari bila kujua hadithi iliishaje. Nilikuja kukipata tena nikiwa mtu mzima, kwenye vitabu vya mitumba mjini, shilingi 200, nikasimama hapo hapo kwenye barabara ya watu nikasoma ule mwisho na machozi yalinitoka, na si kwa sababu mwisho wenyewe ulikuwa wa huzuni.

Kwa hivyo fanya hivi. Toa kitabu kabatini. Usimpe kwa mlango kama mtu anarudisha sufuria ya jirani, kaa naye jikoni ukipika, mwambie akusomee sura moja akikutafsiria Kiswahili. Atakwama mahali, atasema sijui hii nitaiita nini, na hapo ndipo mtaongea juu ya uchawi, wewe umwambie unachokijua wewe na kile unachoamini, kwa uzito wake, na yeye akuambie kilichoandikwa. Na hiyo karatasi ya kaki mwache aitoe mwenyewe.

Barua ya pili

*Mwalimu mimi niko na miaka 12 naishi Buruburu. Mbona watoto wote wanaopata nguvu ni wazungu? Rafiki yangu aliniambia siwezi kuwa ndani ya hizo hadithi juu kwetu hakuna kasri. Na ni kweli kuna shule ya magic Afrika?*

Mwanangu, rafiki yako hajasoma vya kutosha, mwambie nimesema hivyo na umsalimie. Yule mchunga mbuzi niliyemwelezea mama wa Umoja hapo juu, ngozi yake ni ya kahawia nyekundu, Le Guin alimwandika hivyo tangu 1968 na kwa makusudi, na watu wengi kwenye visiwa vyake si weupe. Haya, swali la shule, mwandishi wa Harry Potter mwaka wa 2016 alieleza kwamba katika dunia yake kuna shule kubwa kuliko zote, inaitwa Uagadou, iko Milima ya Mwezi, na wanafunzi wake wanatoka Afrika nzima, wengi hawatumii fimbo, wanatumia mikono. Milima ya Mwezi ndilo jina la zamani ambalo watu huipa Rwenzori, yaani hapo tu Uganda, unapanda basi jioni. Lakini hiyo ni maelezo mafupi tu ya pembeni, si riwaya, kwa hivyo usiishie hapo.

Kitabu chako wewe ni cha Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Kinaitwa *Akata Witch*, kilitoka 2011, na huko Nigeria kikachapishwa kwa jina lingine, *What Sunny Saw in the Flames*. Sunny ana miaka 12 kama wewe. Alizaliwa New York, sasa anaishi Aba, Nigeria, ana ulemavu wa ngozi wa albino, anapenda mpira sana lakini hawezi kucheza mchana juu ya jua. Shuleni wanamtania. Anagundua yeye ni mmoja wa watu wanaoitwa watu wa Chui, na sasa sikiza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa hao watu pesa zinaitwa chittim, ni vipande vya chuma, na zinaanguka kutoka hewani, kwenye miguu yako, kila unapojifunza kitu kweli kweli. Ukielewa jambo gumu, unasikia kling kling. Ukikosea na ukajua kwa nini umekosea, zinaanguka pia. Na zenye thamani kubwa ni za shaba, za dhahabu ndizo za chini. Hebu fikiria darasa lako, mwalimu wa hesabu ameeleza, halafu nyuma pale kwa dirisha kwa yule mtoto ambaye huwa hanyooshi mkono, kling.

Na kingine, kwa hao watu kile wengine wanaona ni kasoro yako ndicho mlango wa nguvu yako. Rafiki ya Sunny, Orlu, herufi humchanganya akisoma, lakini ana kipaji cha kufungua na kuvunja juju, yaani zile nguvu zao, iliyofungwa na wengine. Rick Riordan naye alifanya kitu karibu na hicho kwa Percy Jackson, 2005, manake hadithi ilianza kama stori alizokuwa akimwambia mwanawe usiku, na huyo mtoto alikuwa na shida hiyo hiyo ya kusoma.

Kile cha Tomi Adeyemi, *Children of Blood and Bone*, 2018, ni kizuri sana na ni cha Kiafrika moto moto lakini kina vita na mauaji mengi, ngoja miaka miwili mitatu.

Na ukitaka ya hapa nyumbani, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwaandikia watoto hadithi za Njamba Nene, kwanza kwa Kikuyu halafu zikatafsiriwa, na moja ni ya basi la wanafunzi linaloota mabawa likapaa nao. Mvulana maskini, nguo zimechakaa, wanamcheka kwa lugha ya kwao. Soma uone ni nani ana maarifa wakishafika porini.

Lakini ile ya zamani kuliko zote hizo inatoka pwani, ilichapishwa 1870 kwenye kitabu cha hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere, yaani miaka zaidi ya 120 kabla ya Harry Potter. Sultani ana watoto saba wa kiume. Sita ni vijana wa maana, wa saba anakaa jikoni tu, kwenye majivu, baba hamhesabu, hata jina wanamwita Mkaa Jikoni. Sultani ana mtende anaoupenda, na kila mwaka tende zikiiva ndege mmoja anakuja usiku anazila zote. Anatuma kijana wa kwanza alinde, analala. Wa pili analala. Wote sita wanalala na tende zinaliwa. Mkaa Jikoni anasema mimi nitaenda, watu wanacheka. Anaenda na bisi mkononi na mchanga. Anakaa chini ya mti anatafuna bisi moja moja, na usingizi ukimshika anatia mchanga mdomoni, ule mchanga unakwaruza meno, anaamka. Anatafuna tena, usingizi tena, mchanga tena. Mpaka alfajiri. Ndege anatua, anasema leo hakuna mtu, na Mkaa Jikoni anamshika. Ndege anapaa naye juu mpaka dunia inakuwa kitu kidogo, anamwambia niache utaanguka, kijana anasema uendako nitakwenda nawe. Mwishowe ndege anashindwa, anamng'olea unyoya mmoja, anamwambia ukiwa na shida utie motoni, popote nilipo nitakuja.

Umeona hapo hakuna kasri lolote, ni jiko na majivu. Na kumbuka hakuwa na nguvu hata chembe alipokwenda mtini, alikuwa na mchanga. Unyoya ulikuja baadaye.

Barua ya tatu

*Mwalimu, mimi ni baba wa watoto watatu Kayole. Wanapenda hivi vitabu lakini vipya ni bei. Tutavipata wapi? Pia nauliza, kusoma sana fantasi za Kizungu hakutawaharibia Kiswahili? Baba wa Kayole.*

Baba, uko karibu na maktaba mbili nzuri kuliko watu wa mitaa ya kitajiri. Makadara na Kaloleni, zote ni za kaunti, ni matawi ya ile McMillan ya mjini yenye simba wa mawe mlangoni iliyofunguliwa 1931, na haya matawi mawili yalikarabatiwa miaka ya hivi karibuni yakapendeza kabisa na kuna sehemu ya watoto. Wapeleke Jumamosi, wewe ukae nao saa moja tu. Mjini, wauzaji wa vitabu vya mitumba wa huko Tom Mboya na vichochoro vyake huwa na fantasi nyingi juu watu wakimaliza msururu huuza wote kwa pamoja, lakini ukinunua hakikisha kurasa za mwisho ziko, mimi najua uchungu wake. Na muulize muuzaji kama atakirudisha kwa nusu bei ukimaliza, wengi wanakubali.

Kuhusu Kiswahili, hakiharibiki kwa kusoma, kinaharibika kwa kunyamaza. Wakati wa chakula cha jioni yule aliyesoma awasimulie wengine kwa Kiswahili, aanze na paukwa na wote mjibu pakawa. Sitasema zaidi hapo, lijaribu wiki mbili.

Barua ya nne

*Sasa mwalimu, mi ni kijana wa Githurai, miaka 19, nimemaliza fomu ya nne. Naandika riwaya ya fantasi kwa Kiswahili, iko Nairobi hii hii. Shida yangu ya kwanza ni neno. Nikiandika uchawi, msichana wa riwaya yangu anakaa kama mtu wa kuwanga usiku. Nikiandika mazingaombwe inakaa sarakasi. Miujiza ni ya kanisa. Nitaiita nini? Ya pili, rafiki zangu wanasema imeanza vizuri lakini haiwashiki. Nakutumia mwanzo:*

*"Kerubo alikuwa msichana wa kawaida tu aliyeishi Githurai. Siku moja aligundua ana nguvu za ajabu. Aliinua mkono na moto ukatoka, matatu ikapaa juu ya Thika Road na majambazi wote wakaanguka chini."*

Kijana wangu, barua yako nimeisoma mara tatu na nimefurahi mpaka nikampigia rafiki yangu kumsomea. Tunahitaji hiyo riwaya. Shaaban Robert kwenye *Adili na Nduguze* alitupa Adili anayewapiga viboko manyani wawili kila usiku huku akilia, manyani ambao ni ndugu zake wa damu, na msomaji wa Kiswahili hakuuliza ati hiyo imekaaje, alimeza, juu kila kitu kingine pale, baraza, mfalme, chakula, kilikuwa cha kuaminika. Kwa hivyo lugha inaweza, usiwe na wasiwasi na lugha.

Tuanze na neno. Umeona vizuri, na hiyo peke yake inanionyesha una sikio. Uchawi ni wa kudhuru. Uganga ni wa kutibu na kuagua, una tunguri na ramli ndani yake. Sihiri ni kumfanyia mtu kitu. Mazingaombwe na kiinimacho ni ya kudanganya macho. Miujiza inatoka kwa Mungu. Okorafor alikopa juju na akaongezea maneno yake mwenyewe, na wewe pia unaweza kubuni lako, ila ujue neno la kubuni linachukua kurasa nyingi kabla msomaji alizoee. Kuna karama, ambayo ni zawadi mtu amezaliwa nayo, tamu sana, ingawa kanisani pia wanaitumia.

Lakini mi nikiwa wewe singechagua moja. Fikiria siku ile Kerubo amefanya hicho kitu mbele ya watu. Nyanya yake anasema ni karama, hata mama yangu alikuwa nayo. Konda anasema hayo ni mazingaombwe, mnaniibia tu. Mama wa kibanda cha mboga anafanya ishara ya msalaba anasema muujiza. Na mtu mmoja nyuma, sauti ya chini, anasema mchawi. Neno hilo la mwisho likishasemwa stage ya Githurai jioni, watu wamejaa, wewe unajua kinachoweza kufuata, nimeshasema hapo juu juu ya Kisii na Kilifi. Hapo riwaya yako imepata hatari ya kweli bila jambazi hata mmoja, na Kerubo mwenyewe hana neno la kujiita bado, atalitafuta kitabu kizima.

Sasa ule mwanzo. "Msichana wa kawaida tu" haituambii kitu. Kawaida ndiyo kazi ngumu kwa hizi riwaya, nguvu zenyewe ni rahisi. Mkaa Jikoni ni wa kawaida kwa sababu tunaona majivu na tunasikia mchanga kwa meno yake. Yule mchunga mbuzi ni wa kawaida kwa sababu mbuzi amepanda paa. Kerubo wako ana nini mkononi? Wewe umekulia hapo, unajua vile mtu hukaa kwa ile kofia ya injini mapaja yanachomeka, vile konda hukwambia chenji ngoja tushuke na ukishuka anagonga gari linaondoka. Niandikie hilo. Mpe shilingi ambazo si zake, mama amemtuma.

Alafu moto kutoka mkononi, ufute kwanza. Si vibaya, ila umeuleta rahisi, haukumgharimu kitu. Kwa Nesbit jua likizama mambo yanaisha. Kwa Le Guin kila neno lina mzigo wake. Kwa Okorafor hupati kitu mpaka ujifunze. Kerubo wako atalipa nini? Labda kila gari likipaa yeye anasahau jina moja la mtu wa kwao, na hajui ni gani mpaka ajaribu kulitaja. Hiyo nimetupa tu, usiitumie kama haikugusi, tafuta yako, lakini iwe kitu kinachouma.

Matatu kupaa juu ya Thika Road iache. Hiyo ni nzuri sana, niliiona, niliona hata taa za chini zikipungua. Ila ipaishe polepole, watu ndani waanze kugundua kwa mambo madogo, matuta hayasikiki tena, mzee aliyekuwa amelala anaamka kwa sababu ya kimya. Nitumie sura hiyo upya kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kurasa tano zinatosha, na kabla hujaleta majambazi niambie gari likiwa juu hapo konda ameshika chenji ya nani.